Saa moja juu ya mto wa Antwerp, saa moja juu ya Lualaba

KASONGO – Boti ilikuwa imeachana na gati dakika chache tu, na watalii walikuwa wameanza kucheka. Kipaza sauti kilikuwa kikitueleza, kwa Kiholanzi kwanza na kwa Kifaransa baadaye, mji wa Antwerp ulivyopata jina lake. Zamani sana, palikuwa na jitu liitwalo Antigoon ambalo lilikaa kando ya mto huu wa Scheldt na kutoza ushuru kila mwenye mashua aliyepita. Aliyekataa kulipa alikatwa mkono. Siku moja askari Mroma aitwaye Brabo aliliua jitu hilo, akalikata mkono na kuutupa mtoni. Kwa Kiholanzi «hand» ni mkono, na «werpen» ni kutupa. Basi mji ukaitwa hivyo.

Ni hadithi tu, na watu wa historia wana maelezo mengine juu ya jina hilo. Lakini wenyeji wanaipenda. Katikati ya mji kuna sanamu ya Brabo akiurusha mkono, na madukani wanauza biskuti na chokoleti zenye umbo la mkono wa mtu. Wazungu waliokaa mbele yangu walikuwa na pakiti moja, wakagawiana.

Dada aliyenipeleka matembezi hayo hakucheka. Yeye ni mzaliwa wa teritware ya Kabambare, na ana miaka mingi Ubelgiji, ambako anaangalia wazee katika nyumba ya kutunza watu wa umri mkubwa. Aliinama akanisemea polepole, kwa Kiswahili cha kwetu: «Mdogo wangu, umesikia? Mikono.»

Nilikuwa nimesikia. Tangu siku ile sijaacha kufikiri juu ya boti ile, juu ya yale tuliyoelezwa na yale tuliyonyamaziwa. Niliporudi Maniema nilikwenda Nyangwe, nikapanda mtumbwi juu ya Lualaba kwa muda ule ule wa saa moja. Makala haya yanatoka katika safari hizo mbili.

Mji unaouza mto wake

Nilikuwa Ubelgiji kwa mafunzo mafupi ya kazi. Jumamosi moja, yaya huyo wa Kabambare aliniambia niache Brussels, nije Antwerp nione «mto wa wenzetu». Tulilipa tiketi, euro kumi na kitu kwa kila mtu, tukasimama kwenye mstari pamoja na wazee, watoto, na vijana waliokuwa wakijipiga picha.

Kitu cha kwanza nilichoona ni kijana aliyesimama mlangoni na kifaa kidogo mkononi. Kila aliyepita, alibonyeza. Alikuwa akituhesabu. Kabla ya boti kuondoka tulionyeshwa makoti ya kujiokoa yanakaa wapi na mtu anatokea mlango gani kukiwa na hatari. Hakuna aliyeonekana kushangaa isipokuwa mimi. Mtu aliyezoea kupanda balenieri kwetu, juu ya magunia ya mchele na madumu ya mafuta ya mawese, anajua kwa nini nilishangaa.

Halafu mji ukaanza kupita mbele ya macho yetu. Kwanza Het Steen, ngome ya mawe, jengo la kale kuliko yote mjini. Nyuma yake mnara wa kanisa kuu, wenye urefu wa mita 123. Tulielezwa kwamba gati hizi zilizonyooka zilijengwa katika karne ya 19, na kwamba ili mto unyooshwe na meli kubwa zipate mahali pa kufunga, nyumba za kale zilibomolewa kwa mamia. Tulielezwa kwamba chini ya mto kuna njia ya watu wa miguu, iliyofunguliwa mwaka 1933, yenye urefu wa mita 572. Mbele zaidi tuliona jumba jekundu la makumbusho ya MAS, lililofunguliwa mwaka 2011, na gati za kale zilizochimbwa kwa amri ya Napoleon.

Mto wenyewe si mkubwa. Mtu wa Lualaba akiuona atasema ni mto wa kawaida. Maji yake ni ya kahawia kama yetu, lakini hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa nguvu za bahari, ingawa bahari iko mbali. Uzuri wa matembezi yale hautoki katika maji. Unatoka katika kusimuliwa. Kila jiwe lina mwaka wake, kila mnara una jina la aliyeujenga. Mtu anatoa pesa zake ili asimuliwe, na saa moja inakwisha bila yeye kujua.

Ambacho kipaza sauti hakikusema

Tulipita mbele ya gati ambazo kwetu sisi Wacongo si gati za kawaida. Siku ile, kipaza sauti hakikutaja neno Congo hata mara moja.

Kuanzia mwaka 1895 kampuni ya meli ya Ubelgiji iliunganisha Antwerp na Boma na Matadi kwa safari za mara kwa mara. Pembe za ndovu na mpira wa Congo zilishushwa kando ya mto huu. Katika miaka ile Antwerp ikawa soko kubwa la pembe za ndovu, mshindani wa London na Liverpool. Nyumba nyingi nzuri za mji ule zina umri wa biashara hiyo.

Ni katika gati hizo hizo ambapo Mwingereza mmoja, Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, aligundua jambo lililogeuza maisha yake. Kazi yake ilikuwa kusoma hesabu za mizigo. Aliona kwamba meli zilizotoka Congo zilijaa mpira na pembe, lakini zilizokwenda Congo hazikubeba bidhaa za kulipia mali hiyo. Zilibeba bunduki na risasi. Akajiuliza: mtu anayeleta mali yote hii, analipwa nini? Jibu alilolipata ni kwamba halipwi, analazimishwa. Morel aliacha kazi, akawa mwandishi wa habari, na mwaka 1904 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kudai mageuzi ya Congo. Mwaka 1908 mfalme Leopold II alilazimika kuiachia nchi ya Ubelgiji ile mali aliyoiita yake binafsi.

Na mikono? Katika misitu ya mpira, hasa upande wa Équateur, askari wa dola la Leopold walitakiwa kuonyesha kwamba kila risasi imeua mtu. Ushahidi ulikuwa mkono uliokatwa. Picha za watu waliokatwa mikono zilizunguka dunia mwanzoni mwa karne ya 20. Sanamu ya Brabo iliwekwa mjini Antwerp mwaka 1887, miaka miwili tu baada ya Leopold kutangazwa mfalme wa Congo. Waliolisimamisha jiwe lile hawakuwa wakitufikiria sisi. Lakini Mcongo hawezi kulitazama kwa macho ya mtalii wa Japani.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1894 Antwerp ilifanya maonyesho makubwa ya dunia. Wacongo 144 waliletwa kwa meli, wakawekwa katika kijiji cha kuigiza ili watu waje kuwatazama. Angalau saba kati yao walikufa huko huko. Mahali pale ni hatua chache kutoka mtoni.

Haki isemwe: Antwerp ya leo haijafumba macho yote. Makumbusho ya MAS iliwahi kufanya maonyesho marefu juu ya vitu vya Congo vilivyoingia mjini. Juni 2020, sanamu ya Leopold II iliyokuwa katika mtaa wa Ekeren iliondolewa baada ya kuchomwa moto. Mwezi huo huo mfalme Philippe aliandika barua kuelezea majuto yake kwa maumivu ya zamani. Hadithi ipo, imeandikwa, mwenye kuitaka ataipata. Ila mtu aliyelipa tiketi ya kupunga upepo anashuka na jitu, ngome na biskuti.

«Miaka yote hii napita hapa na basi,» yaya aliniambia tuliposhuka, «na huwa najiuliza pembe za kwetu zilishukia gati gani.»

Njia ya pembe ilipitia kwetu

Swali lake lina maana kubwa kwa mtu wa Maniema ya kusini, kwa sababu pembe za kwetu zilianza kwa kwenda upande mwingine kabisa.

Kabla ya Wabelgiji, mali ya Maniema ilikwenda mashariki. Kutoka Nyangwe na Kasongo, misafara ilipita Kabambare, ikavuka ziwa Tanganyika hadi Ujiji, ikaendelea Tabora, ikashuka pwani Bagamoyo, kisha Zanzibar. Pembe zilibebwa mabegani na watu, wengi wao watumwa. Mwisho wa safari zikawa vitana, mipira ya biliadi na funguo za vinanda katika nyumba za Ulaya na Marekani.

Bwana wa njia hiyo alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip. Kasongo ilikuwa makao yake makuu. Nyangwe, kando ya Lualaba, lilikuwa soko kubwa. Kabambare ilikuwa kituo ambapo misafara ilipumzika. Ni Kabambare ambako David Livingstone, Mskoti aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile, alikaa miezi mingi mwaka 1870 na mwanzo wa 1871 kwa sababu ya vidonda vya miguu. Aliandika jina la mahali hapo Bambarre.

Tippu Tip aliondoka kurudi Zanzibar mwaka 1890 na hakurudi tena. Akamwachia mwanawe Sefu. Mwaka 1892 vita vikaanza kati ya watu wa Sefu na jeshi la Leopold lililoongozwa na Francis Dhanis. Nyangwe ilianguka tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo huo, Kabambare Januari 1894. Katika vita hivyo wazungu walikuwa wachache sana na Waarabu hawakuwa wengi. Waliopigana na kufa, pande zote mbili, walikuwa zaidi ni watu wa nchi hii.

Baada ya hapo njia ya pembe iligeuzwa. Haikwenda tena mashariki kuelekea Ujiji. Ilifuata mto: Kindu, Kisangani, Kinshasa, Matadi, kisha meli hadi Antwerp. Dhanis alipewa cheo cha baroni, na kwa miaka mingi alikuwa na sanamu yake mjini Antwerp. Ndiyo jibu nililomwandikia yaya kwa simu nilipofika nyumbani: gati siijui, ila najua mwaka ambao mzigo uligeuza njia.

«Unataka kwenda wapi?»

Nyangwe iko kaskazini-magharibi ya Kasongo, kwenye ukingo wa kuume wa Lualaba. Nilikwenda na pikipiki. Njia ni ile tunayoijua sote, sina haja ya kuieleza. Leo hii Nyangwe ni kijiji. Mtu asiyejua habari zake angepita akidhani ni kijiji kama kingine chochote cha wavuvi.

Nilimkuta mzee mmoja akitengeneza wavu kando ya mtumbwi wake. Nilimwamkia, tukazungumza juu ya mvua na juu ya bei ya samaki, halafu nikamwomba anizungushe mtoni kwa saa moja, nitalipa.

«Unataka kwenda wapi, mwanangu?»

«Sitaki kwenda popote, mzee. Nataka kuona tu, halafu unirudishe hapa hapa.»

Alinitazama vizuri. «Kuona nini?»

Ni swali la haki. Kwetu mtu hupanda mtumbwi kwa sababu ana shamba ng'ambo, au mgonjwa, au msiba, au mzigo wa kuuza. Kulipa pesa ili uende na urudi mahali ulipoanzia ni jambo la mtu ambaye akili imempungua kidogo. Nilimweleza habari za Antwerp. Alicheka sana, akamwita mjukuu wake mwenye kopo la kukumba maji. Mama mmoja aliyekuwa akingoja kuvuka na kikapu chake cha mihogo akaingia pia, akisema na yeye ataona bure. Tukaondoka.

Hapakuwa na kipaza sauti. Palikuwa na kasia, na maji yakigonga ubao, na sauti za wanawake waliokuwa wakifua. Lualaba ni mpana pale, hata mtu wa ng'ambo huonekana kama kijiti. Mto unakwenda kaskazini, na ilikuwa ni mwendo huo uliomdanganya Livingstone akafikiri ni Nile. Alifika hapa mwishoni mwa Machi 1871, akangoja mitumbwi ya kumshusha mto karibu miezi minne, asipate. Mwingereza Cameron alikuja mwaka 1874, naye akakosa mitumbwi. Stanley alifika mwaka 1876 akapatana na Tippu Tip, wakaondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba na kundi la mamia ya watu. Mwezi wa nane mwaka uliofuata alitokea Boma, karibu na bahari. Hapo ndipo wazungu walijua kwamba maji ya Nyangwe ndiyo maji ya Congo.

Nilimuuliza mzee kama anajua habari za soko la zamani. Aliacha kupiga kasia. Alinionyesha ukingo kwa kidevu, kama wazee wanavyofanya. Alisema baba yake alimwambia kwamba pale watu walikufa majini, wengi, wanawake.

Tarehe 15 Julai 1871

Soko la Nyangwe lilikuwa kubwa, na sehemu kubwa ya wauzaji walikuwa wanawake, wengine wakivuka mto kwa mitumbwi kutoka vijiji vya ng'ambo. Siku hiyo Livingstone alikuwepo. Aliwaona watu wenye bunduki wakiingia sokoni, jambo ambalo halikuwa desturi. Mmoja wao alikuwa akigombania bei ya kuku. Kisha bunduki zikalia. Watu walikimbilia mitumbwi iliyokuwa imefungwa katika kijito chembamba, ikabanana, haikuweza kutoka. Wengi walijitupa mtoni, wakazama.

Wenye bunduki walikuwa wa kundi la mfanyabiashara aliyeitwa Dugumbe. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba walikufa watu 330 hadi 400. Livingstone alisema idadi kamili haitajulikana kamwe. Hakuna aliyehesabu.

Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino alioutengeneza mwenyewe kutokana na matunda ya mti. Wino huo ulififia, na kwa zaidi ya miaka 100 maandishi hayakusomeka vizuri. Mwaka 2011 watafiti walifaulu kuyasoma tena kwa kuyapiga picha na mianga ya aina mbalimbali. Lakini habari yenyewe ilikuwa imefika Ulaya tangu mwaka 1872, na hasira iliyoizua ilikuwa mojawapo ya sababu zilizoifanya Uingereza kumbana sultani hadi soko la watumwa la Zanzibar likafungwa, mwaka 1873.

Basi kando ya Lualaba, mahali ambapo mama mwenye kikapu alikuwa ameketi mbele yangu akichambua mihogo, lilitokea jambo lililobadilisha sheria katika bahari ya Hindi. Hakuna kibao. Hakuna jiwe. Shule nilizopita njiani zimejaa watoto wanaoimba majina ya mito ya Ulaya.

Babu zetu walikuwa upande gani?

Hapa ndipo ugumu unapoanza, na nadhani ndiyo sababu hatupendi kuisimulia hadithi hii kwa sauti kubwa.

Antwerp ikinyamaza juu ya Congo, tunajua ni nani anamnyamazia nani. Kasongo ikinyamaza, mambo si mepesi hivyo. Kuna familia ambazo babu zao walikamatwa. Kuna familia ambazo babu zao walikamata. Kuna nyingi ambazo damu zote mbili zimo katika nyumba moja, kwa sababu mtoto aliyekamatwa Kabambare alikua, akawa mwungwana, akabeba bunduki, akaoa. Dini ya wengi kati yetu ilikuja kwa misafara ile. Lugha ninayoiandika hapa ilikuja nayo pia, na jina lake la zamani katika Congo, Kingwana, linatoka kwa waungwana hao. Tippu Tip mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu hicho ni kati ya vitabu vya kwanza vya aina yake katika lugha yetu. Hakuna Kiswahili cha Maniema bila barabara ya watumwa. Ni urithi mzuri uliokuja katika mzigo mbaya.

Wabelgiji walijua kuitumia hadithi hii. Walisema wamekuja kuwaokoa watu mikononi mwa Mwarabu, na wakajenga sanamu za kusifu wokovu huo. Ukiisimulia Nyangwe bila Antwerp, unawasaidia kusema hivyo. Ukiisimulia Antwerp bila Nyangwe, unajidanganya kwamba mabaya yote yalikuja na meli. Mto ni mmoja na mzigo ulikuwa ule ule: kwanza ulibebwa mashariki, halafu ukabebwa magharibi, na mgongo uliobeba haukubadilika.

Si mbali na Kasongo ya leo kuna mahali panapoitwa Tongoni. Ndiyo Kasongo ya zamani, mji wa Tippu Tip na Sefu, kabla Wabelgiji hawajauhamisha. Kwa Kiswahili tongo ni mahame, mahali walipohama watu. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Congo pamoja na wenzao wa nje walifanya uchimbaji pale na kukusanya kumbukumbu za wazee. Kazi yao imeandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ya wataalamu. Mwanafunzi wa Kasongo anayetaka kujua mji wake hana pa kuisoma kwa lugha yake.

Kinachoweza kufanyika bila kungoja mabilioni

Sisemi kesho tuweke boti za watalii Nyangwe. Barabara mbovu na usalama wa mashaka, hasa upande wa Kabambare, vinajulikana. Mtalii wa Antwerp hatakuja kwanza. Wa kwanza kuja lazima awe mtoto wa Kasongo mwenyewe, na mwalimu wake.

Kuna mambo ambayo hayahitaji mfadhili. Wazee wanaokumbuka walichoambiwa na baba zao wapo, lakini si wengi, na simu yenye kurekodi sauti iko mfukoni mwa kila kijana. Kibao kimoja cha mbao kando ya mto, chenye tarehe 15 Julai 1871, kinaweza kutengenezwa na seremala wa kijiji kwa siku moja. Tarehe 22 Aprili inaweza kufundishwa katika shule za Kasongo kama wanavyofundishwa tarehe 30 Juni. Na vijana wawili au watatu waliosoma historia wanaweza kujifunza kumtembeza mgeni Tongoni na Nyangwe, wakieleza bila kuogopa na bila kuficha upande wowote.

Jambo moja linahitaji pesa, na haliwahusu watalii: makoti ya kujiokoa, na sheria ya kuhesabu watu kabla ya chombo kuondoka. Kila mwaka tunaandika habari za balenieri na mitumbwi iliyozama kwenye mito ya nchi hii, na karibu kila mara tunaandika maneno yale yale, kwamba idadi ya waliokuwemo haijulikani. Niliyaandika mwenyewe mara nyingi bila kufikiri. Baada ya kijana wa Antwerp na kifaa chake, siwezi tena kuyaandika vivyo hivyo.

Saa moja ilipotimia, mzee alitugeuza kuelekea ufukoni. Alitaka kujua zaidi juu ya boti ya wazungu. Ina watu wangapi? Wanalipa kiasi gani? Nilipomwambia kwamba mtu husimama mlangoni akihesabu kila anayeingia, alifikiri kidogo, akauliza wanahesabu ili iweje.

«Ili wakirudi wajue kama wote wamerudi, mzee.»

Hakujibu. Mtumbwi uligusa mchanga, mjukuu akaruka kuushika. Mzee alibaki amesimama nyuma na kasia lake. Nilipoinuka, nilimwona akitunyoshea kidole mmoja mmoja: mama wa mihogo, mtoto, mimi, kisha akajigusa kifua.

«Wanne,» akasema. Halafu akamuuliza mama kama bado anataka kuvuka.